Kabla Bawa Halijaingia Tanurini

Bowie, Maryland
12 Mei 2024

Dada Irene,

Shikamoo. Barua yako ya Machi imefika wiki iliyopita ikiwa imelowa pembeni, lakini maneno yote yalisomeka, hasa yale ya kunisema. Umeandika kwamba masikio yako hayashiki tena sauti ya simu, na kwamba ujumbe wa simu unasomwa na nyumba nzima kabla haujakufikia wewe. Basi tuandikiane. Kwa simu tungekuwa tumeshagombana.

Rosemary anakusalimu. Bado yuko wodi ya wazee, zamu za saa kumi na mbili, na magoti yanamsumbua. Lorraine amemaliza mwaka wa pili chuoni. Nilimsomea barua yako kwa sauti, akacheka panapochekesha, halafu akanijibu kwa Kiingereza mwanzo hadi mwisho. Pole kwa bei ya tangawizi. Walanguzi wa Same hawajabadilika.

Sasa kazi. Uliuliza hicho "chombo" ni kitu gani hasa. Ni ndege, dada. Ndege nyingine kubwa inaibeba tumboni na kuiachia juu. Hapo inawasha injini ya roketi, inapanda kilomita mia moja, abiria sita wanaelea kwa dakika nne wakiitazama dunia, kisha inashuka na kutua kwa magurudumu kama ndege yoyote. Haizunguki dunia. Inapanda, inachungulia, inarudi.

Mwaka wa tisa huu. Injini ya kwanza ilitikisika mpaka bolti zikalegea. Ya pili ilikuwa nzito, ikabidi mkia ubadilishwe. Mkia ulipobadilika, mabawa yakaonekana mafupi. Tukayarefusha, yakazidi uzito. Tunaponya hapa, panauma pale. Mfadhili mmoja alijitoa Februari, na tangu Machi tunalipwa nusu mshahara. Fundi wetu mmoja, Chepkoech, binti wa Kericho anayekaa Wheaton, ameipa ndege jina: Bibi Harusi. "Kila siku anapambwa, mzee, na hatoki!"

Huyo Chepkoech ndiye anayetandika mabawa. Ni vitambaa vya nyuzi za kaboni vilivyoshiba gundi, tabaka juu ya tabaka, kama mtu anayetandika kitanda cha mgeni, halafu bawa zima linaingia tanurini na kuokwa. Sijaona mikono kama yake. Bawa la kushoto linaokwa mwanzoni mwa mwezi ujao, na tarehe 18 Juni wanakuja wafadhili wapya. Mwenye kampuni, Wayne, rubani wa zamani wa jeshi, mzee wa miaka sabini na mbili ninayemheshimu kama baba, anasema wakiridhika hao tutaruka mwaka huu.

Niombee, hata kama hukubaliani nami.

Mdogo wako,
Eliudi


Mamba Miamba, Same
23 Juni 2024

Mdogo wangu Eliudi,

Marahaba. Huku tuko salama. Mvua zilizidi, kisha zikakata ghafla, tangawizi imeoza kwa jirani na kwangu imepona kwa sababu nilichimba mitaro wakati yeye akinicheka. Kaburi la mama nimelijengea ukingo. Mwambie Rosemary asikae na magoti hayo, naye ndiye nesi.

Nimesoma barua yako mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu nyekundu.

Kwa hiyo watu sita watalipa fedha za kujenga maabara za wilaya nzima ili waelee kwa dakika nne. Nimefundisha fizikia miaka thelathini na mbili, Eliudi. Nimefundisha msukumo wa hewa kwa mdomo, kwa chaki na kwa kopo la maji, kwa watoto ambao hawajawahi kushika mizani inayofanya kazi. Usije ukaniandikia habari za ndoto ya binadamu. Binadamu yupi? Nimeandika makala juu ya jambo hilo. Mhariri kaipunguza makali, nami nimemwandikia kumweleza alichokatakata. Tunasubiriana.

Haya, hasira nimeiweka pembeni, ingawa si mbali. Nina swali la mwalimu. Umetaja injini, mkia, mabawa, kisha nusu mshahara, ukapita haraka kama mtu anayepita mbele ya duka analodaiwa. Watu wakilipwa nusu, ni kitu gani kingine hapo kinafanywa nusu? Bawa lako linaokwa. Nani analipima likishaokwa, na akiliona bovu, anamwambia nani?

Jibu hilo kwanza. Salamu baadaye.

Dada yako,
Irene


Bowie
4 Agosti 2024

Dada,

Shikamoo. Tunaendelea vizuri. Joto la huku mwezi wa sita na wa saba ni lile la kuanika nguo asubuhi na kuzikuta jioni zimeongeza maji. Mashine ya kukausha hewa kwenye karakana ilikufa tangu Aprili, tukawa tunafanya kazi mashati yamegandamana na migongo. Lakini hilo tulilimudu.

Wageni wa tarehe 18 walikuja. Walikula, walipiga picha na Bibi Harusi, wakatoa nusu ya fedha na kuahidi nusu nyingine baada ya ndege kuruka. Wayne alifurahi kama kijana. Jaribio la kwanza ni tarehe 10 Septemba. Hakuna roketi, ni kubebwa juu, kuachiwa na kuteleza hadi uwanjani.

Makala yako imetoka, nimeisoma mtandaoni. Mhariri alikosea. Ilipaswa kuwa kali zaidi au isiwepo kabisa.

Rosemary amepimwa magoti. Ni umri tu.

Eliudi


Bowie
22 Septemba 2024

Dada,

Shikamoo. Naandika kabla hujanijibu, maana unaweza kusikia kwingine. Tulifanya jaribio. Kulikuwa na tatizo kidogo kwenye bawa la kushoto. Ndege imerudi chini. Uchunguzi unaendelea, na nimeambiwa nisizungumze sana.

Usiandike gazetini, tafadhali.

Eliudi


Mamba Miamba
20 Oktoba 2024

Eliudi,

Marahaba. Wote wazima.

"Ndege imerudi chini." Nimeisoma sentensi hiyo siku tatu. Jiwe nalo hurudi chini, mdogo wangu. Ningekuwa nasahihisha mtihani ningekupa sifuri, si kwa sababu umekosea, bali kwa sababu umekataa kujibu.

Nimezitandaza barua zako zote mezani. Juni nilikuuliza nani analipima bawa na akiliona bovu anamwambia nani. Agosti ukanijibu habari za mashati na migongo. Halafu katikati ya joto hilo umeangusha mashine iliyokufa Aprili, ukaongeza "tulilimudu". Mmemudu nini? Nguo zako haziwezi kukauka lakini gundi inakauka? Umesahau nani alikufundisha habari za unyevu?

Na yule binti wa Kericho, uliyekuwa ukimwimba mwezi Mei, mbona amepotea? Tangu Agosti hana jina kwenye barua zako. Mtu hafuti jina la mtu bure.

Nani alikuwa ndani ya ndege? Yu hai? Na nani anabebeshwa lawama?

Siandiki gazetini. Nakuandikia wewe.

Irene


Bowie
24 Novemba 2024

Dada Irene,

Shikamoo. Rosemary na Lorraine wanakusalimu, hawajui ninachoandika. Nimekaa kwenye gari nje ya karakana, uwanja ule mdogo wa ndege, saa nzima kusini kwa nyumbani. Siku hizi naingia kwa kibali.

Ndani alikuwa Ethan, rubani, miaka thelathini na sita. Aliachiwa vizuri. Alipogeuka kuelekea uwanjani, ngozi ya juu ya bawa la kushoto ikaanza kubanduka karibu na shina, tabaka kutoka kwa tabaka, kama karatasi iliyobandikwa kwa uji. Sijui aliifikishaje. Aliipiga chini mpaka magurudumu yakaingia ndani. Pingili mbili za mgongo wake zilivunjika. Anatembea kwa fimbo, na hataruka tena.

Sasa lililobaki. Mashine ile ilipokufa, Wayne alisema itatengenezwa fedha zikija. Bawa liliokwa Jumatatu, tarehe 3 Juni. Kesho yake, Jumanne, Chepkoech alinifuata, akasema hewa ilikuwa mbichi na gundi haikushika inavyopaswa. Nikamwambia, "Niachie mimi." Bawa likiokwa, huokwa pamoja na vipande vidogo vya kujaribia. Nikavivuta kwenye mashine, vitano. Vitatu viliachana kabla ya kufika kipimo. Nikaandika yote kwenye karatasi moja, nikaiweka mfukoni mwa koti.

Tarehe 18 wageni wameketi. Wayne akazungusha macho mezani, akauliza kama kuna mwenye wasiwasi wowote. Karatasi ilikuwa kifuani pangu. Sikuweza, dada. Mzee wa umri ule, mbele ya wageni aliowakaribisha mwenyewe! Nikajiambia, nitamvuta pembeni. Na nilimvuta, kwenye maegesho, wageni walipoondoka. Aliisoma amesimama.

"Mle ndani nimekuuliza?" akasema.

"Umeuliza."

"Lingekuwa jambo kubwa, ungelisema mle ndani." Akanirudishia karatasi, akanipiga bega kwa upendo, akaingia garini.

Kwetu jambo la kuitwa pembeni ndilo jambo kubwa. Kwao jambo la pembeni ni dogo, ndiyo maana limewekwa pembeni. Miaka ishirini na mbili niko nchi hii na nilikuwa sijalijua hilo. Wala sikumfuata tena. Muhtasari wa kikao unasema hakuna aliyetoa hoja, na jina langu limo kati ya waliohudhuria.

Kampuni ya bima imeunda kamati. Kadi ya kazi ya bawa ina sahihi ya Chepkoech, nao wanasema alitandika vibaya. Amesimamishwa, hana mshahara. Kikao ni tarehe 16 Januari. Nikisema nilijua, hakuna atakayeniajiri tena kama mhandisi. Nikinyamaza, yeye hatagusa ndege maisha yake yote, naye ana miaka thelathini na moja. Hajanipigia simu hata mara moja. Nadhani ananipa nafasi niseme mwenyewe.

Sijui adabu hii niliitoa wapi. Wewe hujawahi kunyamaza mbele ya mtu. Niambie nifanye nini.

Eliudi


Mamba Miamba
29 Desemba 2024

Mdogo wangu Eliudi,

Marahaba. Krismasi ilipita salama, tulichinja, tukakukumbuka kwenye sala. Barabara ya kushuka Same imeanza kuharibika. Barua hii nampa Ombeni mwenye duka, anayeshuka kesho.

Unasema hujui adabu hiyo uliitoa wapi. Mimi najua.

Mwaka 1986, wewe una miaka kumi na mmoja, mimi kumi na tisa. Siku ya kufungua ukumbi wa kanisa. Mchungaji amesimama na wageni kutoka dayosisi, anawaonyesha paa. Ukanyoosha kidole, ukasema kwa ile sauti yako ya filimbi, "Boriti ya katikati imepinda!" Wageni wakacheka. Mchungaji hakucheka. Mama aliinamisha kichwa. Nikakushika mkono, nikakupeleka nyuma ya jiko, nikakupiga makofi mawili. Nikakuambia, "Mtu mzima haambiwi mbele ya wageni. Unamsubiri awe peke yake." Nikakufanya ulirudie neno kwa neno mpaka ulipolishika. Ulikuwa mwanafunzi mwepesi siku zote.

Hujui kilichofuata, kwa sababu ulikuwa umekwenda shule ya bweni. Mwaka 1988, masika, boriti ile ilikatika na paa likaingia ndani. Ilikuwa siku ya kazi, ukumbi mtupu. Hakuna aliyeumia, ndiyo maana sikuwahi kulihesabu kuwa kosa. Ulirudi likizo ukakuta paa jipya, ukauliza, nikakuambia kanisa limepata msaada.

Nimewasema mawaziri kwa majina. Nimemsema mkuu wa shule mbele ya wazazi mia tatu. Watu huku huniita mdomo wa wilaya, nami nimejivunia. Kumbe mtoto mmoja aliyekuwa na jicho la kuona boriti, nilimfunga mdomo kwa mkono wangu, halafu nikaenda kuandika makala za kudai watu wawe na ujasiri. Miezi yote hii nimekuuliza nani anamwambia nani, kana kwamba sijui.

Ningeweza kumwomba mtu wa nyumbani akutumie ujumbe kwa simu, ukufikie leo hii. Nimeishika simu mara mbili. Lakini ingebidi mtu mwingine aandike kwa mkono wake kwamba Mwalimu Irene alifanya hivi, nami nimeshindwa. Unaona? Hata sasa nachagua heshima yangu.

Nenda ukaseme. Mle ndani, mbele ya wageni wote, hata Wayne akiwepo, hasa akiwepo. Usimvute mtu pembeni. Lile nililokufundisha lilikuwa kosa, na mwalimu ni mimi.

Irene


Bowie
2 Machi 2025

Dada Irene,

Shikamoo. Magoti ya Rosemary yamepata nafuu. Lorraine ameomba nimfundishe kuandika Kiswahili. Nadhani anataka kusoma barua zako mwenyewe.

Umeandika tarehe 29 Desemba. Muhuri wa posta ya Same unasema 27 Januari. Barabara ilikatika, au Ombeni aliisahau dukani. Sitaki kujua. Nimeipokea tarehe 20 Februari.

Kikao kilikuwa tarehe 16 Januari. Waliniuliza kama sahihi ya kwenye kadi ni ya Chepkoech. Nikasema ndiyo. Waliniuliza kama siku ya wageni kuna hoja iliyotolewa. Nikasema hapana. Yote mawili ni kweli. Hawakuniuliza jingine nami sikuwaongezea. Wayne alikuwa mkabala nami, amezeeka sana, ananitazama. Sasa hivi nadhani alikuwa akingoja niseme, maana naye ile karatasi aliisoma. Dakika kumi na moja, nikatoka.

Tarehe 31 Chepkoech aliachishwa kazi. Wiki mbili baadaye wafadhili wakaondoa fedha zao, na kampuni ikafungwa. Nilikwenda kuchukua vitabu vyangu nikakuta wanakata mabawa kwa msumeno ili Bibi Harusi aenee kwenye lori. Ndiyo siku aliyotoka.

Kwa hiyo barua yako ilipofika, hapakuwa na ndege, wala kazi ya kupoteza. Ujasiri uliobaki ulikuwa wa bei rahisi. Nilikaa nayo siku mbili. Makofi yale nayakumbuka, dada. Boriti nilikuwa nimeisahau kabisa. Usijibebeshe yote. Mtoto wa miaka kumi na mmoja hakuwepo kwenye kile kikao. Nilikuwepo mimi, na mvi zangu.

Nikaandika maelezo, kurasa tatu, ya kupeleka kwa kamati ya bima na kwa mamlaka ya usafiri wa anga. Jumamosi ya tarehe 22 nikayapeleka kwanza Wheaton, kwa Chepkoech, ayaone kabla hajayaona mwingine.

Anakaa kwa shangazi yake, Mama Jepkosgei, mtu mzima, analea wazee majumbani. Sebule ilikuwa imejaa watu wa kanisa lao, wamekuja kumtia moyo binti. Walinipisha kiti. Chai ilikuwa inazunguka. Kwangu haikufika, na nilistahili hivyo. Nikamwomba Chepkoech tutoke kidogo nje, nizungumze naye.

"Hapana, mzee," akasema. "Ongea hapa tu."

Nikampa karatasi. Akazisoma amesimama, polepole. Kwenye ukurasa wa pili akatua.

"Hapa umekosea."

"Wapi?"

"Umeandika nilikwambia Tuesday, tarehe nne. Bawa likiwa limeshaokwa. Si ukweli. Nilikwambia Friday, tarehe thelathini na moja Mei. Nakumbuka sababu hiyo siku nilitoka mapema kumchukua auntie airport. Bawa lilikuwa bado kwa meza. Nikakwambia, mzee, tusilipeleke Monday, hewa ni mbaya. Ukaniambia nikuachie."

Shangazi yake akaweka kikombe chini. "Chep! Mtu mzima haongeleshwi hivyo mbele ya wageni. Si ungemwita kando?"

Dada, nilisikia sauti yako ya mwaka 1986, kwa lafudhi ya Kericho.

Kwenye barua yangu ya Novemba nilikuandikia kwamba aliniambia Jumanne. Nilimwandikia hivyo kila mtu, hata nafsi yangu. Jumanne ilikuwa rahisi. Jumanne bawa lilikuwa limeshaharibika, na kosa langu lilikuwa kunyamaza tu. Ijumaa ningeweza kulizuia. Neno moja langu, na lingebaki mezani mpaka mashine itengenezwe. Ethan angekuwa anatembea sawasawa. Sikulizuia kwa sababu tarehe 18 ilikuwa karibu na mzee Wayne alikuwa ameshaalika wageni.

"Mwache, mama," nikamwambia shangazi yake. "Mwache amalize."

"Nimemaliza," akasema Chepkoech. Hakulia wala hakunishukuru. Akasogeza vikombe, akanifutia nafasi mezani kwa kitambaa, akaniwekea kalamu.

Nikaandika ukurasa wa pili upya, hapo hapo, watu wote wakitazama mkono wangu, nikisoma kwa sauti kila nilichoandika, kwa sababu aliniambia nisome: Ijumaa, tarehe 31 Mei, kabla bawa halijaingia tanurini, Chepkoech aliniambia.

Mdogo wako,
Eliudi